Prineville: Seva na Jengo Vilivyochorwa kwa Penseli Moja

Umeme ukiingia kwenye kituo cha data hupita vizuizi kadhaa kabla ya kuifikia prosesa, na kila kizuizi hutoza ushuru wake. Katika vituo vya kawaida vya Marekani mwishoni mwa muongo wa 2000, safari ilianzia volti 480. Kwanza ulipita kwenye UPS kubwa ya jengo zima, ukageuzwa kutoka AC kuwa DC ili upitie penye betri, kisha ukarudishwa kuwa AC. Hapo asilimia 6 hadi 12 ilipotea. Ikafuata transfoma ya kuushusha hadi volti 208, nayo ikala asilimia 3 hivi. Mwisho pawa saplai ya seva ikaushusha hadi volti 12 na kupoteza asilimia 10 nyingine. Ukijumlisha na hasara ndogo ya transfoma ya kuingilia jengoni, jumla ilikuwa kati ya asilimia 21 na 27, tena yote iligeuka joto, na joto hilo lilihitaji umeme mwingine wa kuliondoa.

Hesabu hii haikuwa siri kwa mhandisi yeyote wa fani hiyo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuishughulikia kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtengenezaji wa seva hajui bidhaa yake itafungwa kwenye jengo gani, kwa hiyo anaiandaa kwa hali yoyote. Mjenzi naye hajui zitaletwa seva za aina gani. Kila upande unajiongezea akiba ya usalama, na akiba zote hizo analipia mteja.

Mwaka 2009 Facebook, iliyokuwa ikipanga majengo ya watu na kununua seva zilizotengenezwa tayari, iliamua kujenga kituo chake huko Prineville, mji mdogo katika nyanda kavu za jimbo la Oregon. Mhandisi Amir Michael, aliyetokea Google, alisimamia usanifu wa seva pamoja na kikundi cha watu wachache katika maabara ya Palo Alto. Jay Park alishika umeme wa jengo. Inasimuliwa kwamba wazo kuu la Park lilimjia usiku wa manane, akalichora kwenye leso ya karatasi. Hadithi za leso ni nyingi mno katika ulimwengu wa teknolojia, lakini mchoro huu kwa kweli ungetosha kwenye leso, kwa sababu karibu kila kilichokuwamo ni kufuta.

Volti 480 hupimwa kati ya fezi na fezi. Ukipima kati ya fezi na nyutro unapata 277. Seva za kawaida hazikutengenezwa kupokea 277, na hiyo ndiyo sababu pekee ya transfoma ile kuwapo. Kikundi kikaagiza pawa saplai yake chenyewe, ya wati 450, inayokula volti 277 moja kwa moja na kutoa volti 12.5 tu, kwa ufanisi unaozidi asilimia 94. Transfoma ikakosa kazi.

Pawa saplai hiyo ilipewa pia mlango wa pili, wa volti 48 DC. Badala ya UPS ya jengo zima, kabati la betri liliwekwa katikati ya rafu. Rafu zilikuwa za safu tatu, kila safu seva 30, na kabati moja lilihudumia rafu mbili za namna hiyo, yaani seva 180. Umeme wa gridi ukikatika, betri hubeba mzigo kupitia ule mlango wa pili hadi jenereta ziwake. Umeme ukiwapo, betri zinakaa pembeni na hakuna kinachogeuzwa mara mbili. Google ilikwisha kuonyesha mwaka huo huo wa 2009 kwamba inafunga betri ndogo kwenye kila seva. Facebook ilichagua njia ya katikati, na kwa maoni yangu ilichagua vizuri zaidi, kwa kuwa fundi anakagua kabati moja badala ya betri 180. Kwa hesabu ya wabunifu wenyewe, hasara yote kutoka gridi hadi seva ilishuka hadi asilimia 7.5.

Fundi umeme wa Mombasa au Dar es Salaam atakuwa ameshatabasamu. Huku kwetu fezi tatu ni volti 400 au 415, na fezi kwa nyutro ni 230 au 240, umeme ambao pawa saplai yoyote ya dukani inaupokea. Transfoma iliyofutwa kwa ujuzi mkubwa kule Oregon haikuwahi kuhitajika hapa. Sehemu ya ushindi wa Prineville ilikuwa kurekebisha tatizo la gridi ya Marekani, na anayeibeba hesabu ile nzima-nzima kuja nayo Afrika Mashariki atakuwa anajidanganya kwa asilimia kadhaa.

Bati la seva lilifuata mantiki ile ile. Halikupakwa rangi, halikuwa na nembo wala uso wa plastiki, na vipande vyake vingi vilishikana bila skrubu. Soketi zote ziliwekwa mbele ili fundi asilazimike kufanya kazi kwenye joto la nyuma. Uamuzi wenye faida kubwa zaidi ulikuwa kimo: uniti moja na nusu badala ya moja. Kimo hicho kiliruhusu feni za milimita 60 badala ya zile za 40. Nguvu inayoliwa na feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, yaani kasi ikiongezeka maradufu, ulaji huongezeka mara nane. Feni pana inayozunguka polepole inasukuma hewa ile ile kwa umeme kidogo sana. Kila seva ilipewa pawa saplai moja tu, jambo ambalo benki isingelikubali, lakini programu za Facebook zilikwisha kuandikwa kwa kudhani kwamba seva hufa kila siku na kazi yake huchukuliwa na nyingine.

Jengo lenyewe halikuwa na mitambo ya kupoza maji. Hewa ya nje iliingia ghorofa ya juu, ikachujwa, ikanyunyiziwa ukungu wa maji na kushuka ikiwa imepoa hadi mbele ya seva. Mbinu hii inategemea ukavu: maji hupoza pale tu hewa inapokuwa na nafasi ya kuyabeba. Kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi, hewa mara nyingi imekaribia kushiba unyevu kabla hujafungua bomba. Nairobi ina unafuu, ingawa hewa ya juu mlimani ni nyepesi na hubeba joto pungufu.

Majira ya joto ya 2011, miezi michache baada ya kituo kufunguliwa, mfumo wa kuendesha jengo ulikosea mpangilio. Ulirudisha hewa ya moto na kavu kutoka nyuma ya seva hadi kwenye vinyunyizio, vikaimwagia maji kwa bidii ili kuipoza. Ikashuka ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 95 na nyuzi joto zaidi ya 26, na wingu likafanyika ndani ya ukumbi. Jay Parikh, aliyeongoza miundombinu ya kampuni, alilieleza tukio hilo hadharani mwaka 2013: maji yalitanda kwenye pawa saplai, nyingine zikapiga shoti, seva zikazima au kujiwasha upya. Pawa saplai zilizofuata zilifunikwa kwa mpira wa kuzuia maji. Ulinzi uliokuwa wa jengo ulihamia kwenye seva, ukalipiwa huko.

Aprili 2011 kampuni ilichapisha michoro yote kupitia mradi wa Open Compute, ikitangaza akiba ya asilimia 38 ya nishati na asilimia 24 ya gharama. Ilitangaza pia uwiano wa 1.07 kati ya umeme unaoingia jengoni na unaozifikia seva, wakati majengo ya kupanga yalikuwa kwenye 1.5. Uwiano huo ndio uliosifiwa zaidi, nami nauona dhaifu kuliko takwimu zote hizo. Feni za ndani ya seva na hasara ya pawa saplai huhesabiwa kama matumizi halali ya seva, kwa hiyo ile kazi nzuri ya feni pana haionekani humo hata kidogo.

Michoro iliyofuata iliitoa pawa saplai ndani ya seva na kuipeleka kwenye rafu, ikagawa volti 12 kwa pau za shaba. Mwaka 2016 Google ilijiunga na mradi ikiwa na rafu ya volti 48. Kwa wati zile zile, mkondo unapungua mara nne, na upotevu kwenye shaba ile ile unapungua mara kumi na sita. Lakini prosesa haili volti 48, hivyo kazi ya kushusha imerudi kwenye ubao mama, sentimita chache tu kutoka kwenye prosesa.