Ustadi wa Kuvitafutia Vimondo Ndugu Zao

Nausifu ustadi wa wanaopanga vimondo, hasa wale wanaohangaika na vile adimu ambavyo si mawe kamili wala si chuma kamili. Mgawanyo wa zamani ulikuwa rahisi: mawe, chuma, na mchanganyiko. Lakini wingi wa chuma humweleza mtu sura tu, haumwelezi asili. Kimondo cha Bencubbin, kilichopatikana Australia Magharibi mwaka 1930, zaidi ya nusu yake ni chuma, na kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa mchanganyiko. Vipimo vya isotopu za oksijeni na madini yake vikaonyesha kwamba ni cha jamii ya kondriti za kaboni, ambazo ni vimondo vya mawe. Lodran, kilichoanguka Punjab mwaka 1868, nacho kiliwekwa kwenye mchanganyiko, hadi ikabainika kwamba ndugu yake wa karibu ni Acapulco, jiwe lililoanguka Meksiko mwaka 1976. Kwa upande wa pili, palasiti na mesosideriti, aina mbili za vimondo vya mchanganyiko, zote huchanganya chuma na mwamba, ila palasiti ina fuwele za olivini zilizozama ndani ya chuma, na mesosideriti imejaa vipande vya lava vilivyovunjikavunjika. Kuziita ndugu kwa sababu zote zina chuma ni kosa.

Watu husema: majina yanayobadilika kila mara yana faida gani? Swali hilo lina uzito, maana mwanafunzi huchoka na wakusanyaji hulazimika kuandika lebo upya. Lakini tazama kazi yenyewe. Kipande cha jiwe husagwa hadi unene wa milimita 0.03 ili mwanga upenye; chuma hung'arishwa, kikapakwa asidi hafifu mpaka mistari ya fuwele ijitokeze; kisha hupimwa nikeli, galiamu, gemaniamu na iridiamu. Jina likibadilika baada ya hapo, limebadilishwa na ushahidi.

Tena kuna kanuni ninayoiheshimu kuliko zote: kundi jipya halitangazwi mpaka vipatikane angalau vimondo vitano vinavyofanana. Visivyotimiza idadi hiyo huachwa bila kundi, hata viwe vikubwa na maarufu namna gani. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye urefu wa takriban mita 3, ni cha chuma, na hadi leo kimeorodheshwa kuwa hakina kundi.