Subaru ya turbo Kyela: oili kwa wakala au kwa mikono yako?

Kutoka Kyela mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Kwenda na kurudi umeshakula zaidi ya 1,800. Gari la turbo linalotakiwa kubadilishwa oili kila kilometa 5,000 litakuwa limemaliza zaidi ya theluthi ya uhai wa oili hiyo kwa safari moja tu ya kuifuata karakana ya wakala. Chukulia linakwenda kilometa 10 kwa lita, na hapo dereva awe mstaarabu: lita 180 za petroli zimeungua ili lita nne na ushei za oili zimwagwe na mtu mwenye ovaroli ya nembo.

Hesabu hiyo ina nguvu, lakini haimalizi ubishi. Wapo wanaoamini kwamba gari la gharama haliguswi na mtu asiye na cheti cha kampuni, na wapo wanaosema oili ni oili, mwite fundi chini ya mwembe. Wote wawili wanaruka swali la msingi: kazi yenyewe ikoje, na ni sehemu gani kati yake inahitaji wakala?

Tukubaliane kwanza kuhusu gari. Ukanda wa Ipinda, Matema na Itungi haujulikani kwa Porsche wala Ferrari. Gari la kasi ambalo Mtanzania wa kawaida mwenye kipato analiota na kulinunua ni Subaru Impreza au Forester yenye turbo, iliyotumika Japani na kushushwa bandarini Dar. Sifa yake haikuokotwa: Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Ukanda huu wa Afrika ulishuhudia gari hilo likipigwa na mawe na vumbi, likafika.

Wakala anauza nini hasa? Mfano uliokithiri ni Bugatti Veyron, ambayo bei ya kuibadilishia oili Marekani imetajwa mara nyingi kuwa dola 20,000 na zaidi. Oili yenyewe ni sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Kinacholipiwa ni saa za mafundi kufungua mabati na vifuniko hadi wazifikie bolti za kumwagia, ambazo ni nyingi. Kwa Subaru bolti ni moja, unaiona ukiinama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ya wakala kwa gari hili ni mambo ya pembeni: lifti ya kunyanyulia, kompyuta ya kusoma hitilafu, na muhuri kwenye kitabu cha sevisi.

Muhuri huo una thamani kwa gari jipya lenye dhamana. Hata hivyo Marekani ina sheria ya mwaka 1975, ya Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kumfungia mteja dhamana kwa sharti kwamba sevisi ifanyike kwake tu. Subaru iliyoingia nchini ikiwa na miaka kumi haina dhamana ya kiwandani ya kulinda. Atakayeinunua kwako Tukuyu au Mbeya atafungua boneti, atasikiliza injini, atachomoa kijiti cha oili na kukinusa. Ukimwonyesha daftari lenye tarehe, kilometa na risiti za kila filta, umemwonyesha zaidi ya alichotegemea.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wakala wa Dar hawezi kulijua kama wewe: gari lako linaishi wapi. Kyela iko mita zipatazo 500 juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu mwaka mzima, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ukitoka hapo kwenda Mbeya unapanda Tukuyu, Kiwira, Isyonje, hadi juu ya mita 2,000, kisha ndipo unateremkia Uyole. Mlima wote huo turbo iko kazini. Hewa inavyopungua uzito ndivyo inavyozunguka zaidi, na mhimili wake, unaoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, unaelea juu ya utando wa oili tu. Oili iliyochoka huungua pale pale kwenye beringi za turbo na kuacha masizi magumu. Injini nyingi za Subaru za aina hii zina chujio dogo la wavu kwenye bomba linalopeleka oili kwa turbo. Masizi yakiliziba, turbo inakufa kwa kiu huku sampu imejaa.

Upande wa pili ni safari fupi. Kyela mjini hadi Itungi bandarini ni kilometa kama 11. Injini haipati muda wa kupata moto sawasawa, mvuke wa maji na petroli isiyoungua vinabaki ndani ya oili. Mtu anayepanda Mbeya mara moja kwa wiki na siku nyingine kuzunguka Kyela tu anaitesa oili kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Kilometa 5,000 kwake ndiyo mwisho kabisa, wala asiichukulie kuwa wastani. Miezi sita ikitangulia, abadilishe.

Kuhusu aina ya oili, hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Dukani utapewa oili namba 40, ya bei nafuu, au 20W-50, na muuzaji atakuambia nchi ya joto inataka oili nzito. Hajakosea kabisa: miongozo ya Subaru ya miaka ya 2000 inaweka 5W-30 mbele, lakini inaruhusu oili nzito zaidi kwa joto kali na kazi ngumu. Tatizo ni kwamba baadhi ya injini hizi hutumia msukumo wa oili kurekebisha muda wa valvu, na oili nzito asubuhi ya baridi pale Isyonje hupita polepole kwenye njia hizo nyembamba. Kwa maoni yangu 5W-40 ya sinthetiki, yenye daraja la API la SN au SP, inafaa kwa njia hii ya bondeni na mlimani. Afadhali 5W-30 halali kuliko 5W-40 ya mashaka.

Na mashaka yapo. Chupa tupu yenye nembo ni mtaji wa mtu. Kagua karatasi ya rangi ya fedha chini ya kifuniko kama imegandishwa sawasawa, linganisha namba ya toleo iliyo kwenye chupa na ile ya kwenye boksi, dai risiti. Ukimaliza kutumia, itoboe chupa kabla ya kuitupa. Tume ya Ushindani ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia, lakini haitakuwa dukani siku unayonunua.

Kazi yenyewe. Washa injini dakika chache, oili ipate uvuguvugu bila kuchemka. Gari liwe mahali tambarare pagumu. Tope la Kyela halishiki stendi, kwa hiyo tafuta sakafu ya saruji. Zuia magurudumu ya nyuma, nyanyua kwa jeki, weka stendi mbili, litikise kabla ya kuingia chini. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Bolti ya sampu kwa injini nyingi za aina hii inafunguka kwa spana ya 17. Ikilegea, izungushe kwa vidole huku ukiisukuma juu, ili uitoe kwa mkupuo mmoja na oili isikumwagikie hadi kwenye kiwiko. Acha idondoke dakika 20. Filta nayo iko karibu na bomba la moshi. Izungushie kitambaa unapoilegeza, la sivyo utarudi barabarani gari likifuka moshi na watu wakikupungia mkono usimame. Kisha angalia, kwa macho na kwa kidole, kama pete ya mpira ya filta ya zamani imetoka pamoja nayo. Ikibaki imeganda kwenye injini na wewe ukafunga filta mpya juu yake, pete mbili hazitashika, na oili yote inaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Kosa hilo linafanyika kwenye karakana zenye vigae vinavyong'aa kama linavyofanyika kwenye gereji bubu.

Paka oili mpya kwenye pete ya filta, kaza kwa mkono. Bolti irudishe na washa mpya, kama nyutonimita 44. Spana yenye kipimo ni ghali, lakini ni kifaa cha maisha. Fundi wa kukaza "mpaka ilie" ndiye anayeharibu uzi wa sampu, na gharama yake utaiona sevisi ijayo. Mimina lita nne, washa injini nusu dakika, zima, subiri. Silinda za Subaru zimelala, mbili kushoto mbili kulia, na oili huchukua muda kurudi chini. Kijiti kikisomwa haraka hudanganya, na pande zake mbili zinaweza kukupa majibu tofauti. Amini ule wa chini. Kipimo cha uhakika ni cha asubuhi kabla hujawasha. Ongeza kidogo kidogo, maana oili ikizidi inapigwa povu na mhimili mkuu wa injini, na povu halilindi beringi.

Faida kubwa ya kufanya mwenyewe, kwa hukumu yangu, inazidi ile ya fedha: unaiona oili iliyotoka. Isugue kati ya vidole juani. Ikimetameta kama imechanganywa na unga wa fedha, beringi zinalika, na hapo umeokoa injini nzima kabla haijaanza kugonga. Ikinuka petroli, safari zako ni fupi mno au kuna hitilafu ya uchomaji. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa nchi ya mafuriko kama hii usiliendeshe hilo gari hadi ujue yameingilia wapi. Karakana kubwa hukurudishia funguo na ankara. Oili yako imeshachanganyika na ya wateja wengine.

Wakala ana nafasi yake. Taa ya injini ikiwaka, turbo ikipiga mluzi usio wa kawaida, au mkanda wa taimingi ukifika muda wake, tafuta mwenye vifaa na kompyuta sahihi. Ukiwa na safari zako za Dar, mpelekee akague gari zima mara moja kwa mwaka. Kwa oili peke yake, mwenye gari aliyeko Kyela, mwenye stendi mbili na subira, anafanya kazi sawa na wakala.

Ila wakala anamzidi jambo moja, nalo halizungumzwi: oili chafu. Kwetu hupakwa nguzo dhidi ya mchwa au humwagwa nyuma ya nyumba. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote zinaingia Ziwa Nyasa, na ziwa hilo linatoa maji kwa mto mmoja tu, Shire, huko Malawi. Kinachoingia kinakaa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, huonya kwamba galoni moja ya oili iliyotumika inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji baridi. Sevisi moja ya Subaru inatoa zaidi ya galoni hiyo. Kwa hiyo nunua dumu lenye kifuniko kinachobana kabla hujanunua spana. Filta iache idondoke humo usiku kucha. Dumu likijaa, ulizia ofisi ya NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, ni mkusanyaji gani ana kibali, umpelekee siku unayopanda mjini.