Kitenzi Kinachofuata "Kwamba"

Tafsiri moja ya kitabu cha sayansi inasifiwa kila kona kwa ufasaha wake. Nimeifungua, nikakutana na Ronald Ross aliyegundua mwaka 1897 "kwamba mbu alibeba vimelea vya malaria". Alibeba, akaacha lini? Usiku wa leo tunalala ndani ya chandarua kwa ajili ya nani?

Wasifiaji hutazama istilahi na methali. Anayeijua kazi hii hutazama kitenzi kinachofuata "kwamba", hasa kile cha mbele yake kikiwa na -li-. Kiingereza huburuta cha pili nacho kirudi nyuma. Kiswahili hakina desturi hiyo. Sisi husema "aliniambia anaumwa", hata kama mgonjwa ameshapona. Ukisema "aliniambia alikuwa anaumwa", tunaelewa kuwa siku ya mazungumzo alikuwa mzima. Hilo ni kosa la maana, si la mapambo. Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro mwaka 1848, na baadhi ya wanajiografia wa Ulaya wakambishia. Andika "aliripoti kwamba kileleni kuna theluji", na ubishi wao unasikika. Andika "kulikuwa na theluji", na msomaji anadhani ilikwisha kuyeyuka kabla Rebmann hajashika kalamu.

Mhariri wa redio aliyenifunza kazi alikuwa akisoma kila hati kwa sauti. Akifika kwenye "kwamba" ananyamaza, anakitaja mwenyewe kitenzi anachokitarajia, ndipo anatazama kilichoandikwa. Visipolingana, hati inarudi kwa mwandishi. Enzi hizo, kituoni kwetu, hakuna habari iliyosomwa hewani kabla ya kupita kwake. Leo nyingine zinatoka kama zilivyoandikwa.

Walaghai nao wapo. Kuna anayekikwepa kitenzi kabisa: "aligundua ubebaji wa vimelea unaofanywa na mbu". Kuna anayemwaga hu- kila mahali apate kusikika msomi: "Kilimanjaro huwa na urefu wa mita 5,895." Mlima haubadiliki kwa msimu; "una urefu" imetosha. Hu- ni ya jambo linalojirudia, maji huchemka, mbu huambukiza, tena ni ya jambo ambalo mwandishi mwenyewe analitolea ushahidi. Kwa hiyo Ptolemy alifundisha kwamba jua linaizunguka dunia. Ukiandika "huizunguka", umekuwa shahidi wake. Copernicus, katika kitabu chake cha mwaka 1543, alieleza kwamba dunia hulizunguka jua, na hapo hu- imekaa mahali pake.