Chombo Kikiwa Baridi

Fundi hodari akiitwa kukagua pikipiki ya mkononi, haanzi kwa kuiwasha. Anasogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto saa moja asubuhi, tayari amepata la kumuuliza muuzaji: mbona imewashwa kabla mnunuzi hajafika? Injini iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi. Ikishapashwa inaweza kunguruma kama mpya, na muda huo hutosha kabisa kuhesabiana fedha.

Ufundi wa namna hii hauna cheti ukutani, lakini Kilosa na Mikumi umeokoa mavuno ya watu wengi.

Wilaya ya Kilosa imezoea vyombo vya safari. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, inapita Kilosa mjini. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita Mikumi, ikikatiza kilomita zipatazo 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kati ya miji hiyo miwili, kupitia kata ya Ulaya, njia ilikuwa kwa miaka mingi ya vumbi kiangazi na tope masika. Treni haifiki shambani, na basi halipandi kila kilima. Anayefika ni bodaboda, na nyuma yake kuna mgonjwa, gunia la mahindi au mwalimu anayewahi kipindi. Pikipiki yake ni ya cc 125 au 150, na mara nyingi hakuinunua mpya.

Mwenyewe huiita chombo. Pwani, neno hilohilo ni la jahazi na mashua. Na pwani si mbali kama inavyodhaniwa: maji ya Mkondoa yanayopita Kilosa huingia mto Wami, nao Wami humwagika Bahari ya Hindi kati ya Bagamoyo na Saadani.

Huko, anayetaka kununua mashua iliyokwisha kutumika husubiri maji yapwe, chombo kilale mchangani. Anakizunguka akigonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Ubao mzima hulia mkavu. Uliooza hujibu kwa sauti nzito, kama ngoma iliyonyeshewa. Anachoma ncha ya kisu penye shaka, karibu na mkuku na kwenye mataruma, kwa kuwa ndiko maji yanakotuama. Deheni mbichi au rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu humfanya ainame zaidi. Kisha anangoja bahari ijae, mashua ielee, aone ngamani, tumboni mwa chombo, panaingia maji kiasi gani. Chombo ambacho baharia hashiki kasia kwa sababu muda wote anafua maji, kalafati yake imekwisha, hata tanga lingekuwa jeupe namna gani.

Fundi wa Kilosa huenda hajawahi kukanyaga ngama, lakini njia yake ni hiyohiyo. Macho ya mnunuzi yanavutwa na tangi linalong'aa. Ya fundi yanakwenda chini, kwenye maji na vumbi.

Maji kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko ya Kilosa yaliwaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu reli kuelekea stesheni ya Gulwe. Hata katika mwaka wa mvua za kawaida, pikipiki nyingi huvushwa kwenye vijito vyenye kina kikubwa kuliko alivyodhani dereva. Basi fundi anachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inasema maji yameingia. Yenye chembe zinazometameta juani inasema kuna chuma kinachosagana ndani.

Vumbi nalo lina ushahidi wake. Anaivuta cheni kutoka nyuma ya sproketi kubwa: ikiachana sana na meno, imerefuka. Meno yaliyopinda kama ndoano yamelika. Tarakimu za kilomita hazimtishi wala hazimfurahishi, maana waya wa spidomita hukatwa. Anasoma raba ya kukanyagia, gia ya mguu na vishikio vya usukani. Kilomita chache na raba iliyolika mpaka chuma haviwezi kusema kweli vyote viwili.

Kisha anatafuta ajali. Anasimama mbele ya gurudumu na kutazama kama shokapu mbili zimelingana. Anainua tairi la mbele, anageuza usukani polepole, na beringi ikishika katikati anaisikia mkononi. Anatikisa tairi la nyuma kulia na kushoto kupima bushi. Halafu anapitisha vidole kwenye chesi, chini ya kiti na penye shingo ya usukani, akitafuta uvimbe wa mahali palipochomelewa.

Mwisho ndipo anawasha. Moshi wa buluu usiokoma ni wa injini inayokula oili. Mweusi ni wa petroli nyingi kupita kiasi. Anasikiliza kama inagonga. Anatazama vichwa vya skrubu za injini: vikiwa vimechunwa na bisibisi, na gundi imevuja pembeni ya gasketi, injini hiyo imeshafunguliwa, hata muuzaji akiapa.

Karatasi nazo hukaguliwa kama vyuma. Namba za chesi na za injini lazima zilingane na zilizo kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la mtu anayeuza. Bodaboda wengi huendesha kwa mkataba, wakipeleka hesabu kwa tajiri mpaka chombo kiwe chao. Mkataba usipokwisha, anayeuza anauza mali ya mwingine. Ndiyo maana mauziano ya heshima huandikwa mbele ya mashahidi, na umiliki ukahamishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) bila kungoja mwaka ujao.

Lakini ubora wa fundi unaonekana anapofungua kinywa. Fundi dhaifu husema "nzuri" au "mbaya", basi. Aliyebobea hutaja: "Cheni na sproketi utabadilisha mwezi huu. Bushi za nyuma zimekwisha. Injini haijafunguliwa." Kwa maneno hayo matatu mnunuzi anajua apunguze kiasi gani kwenye bei. Chombo kilichotumika hakikosi kasoro. Kazi ni kutenga kasoro inayomalizwa na spea na kasoro ya mifupa, kama chesi iliyopinda, ambayo haiponi hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Na kusema hapana ni kazi ngumu kuliko kukagua. Muuzaji na dalali ni watu wa mtaa uleule. Kesho watakunywa chai kijiweni na fundi huyohuyo. Kamisheni inanong'onwa sikioni. Upande wa pili amesimama mkulima aliyeuza mpunga wa msimu mzima, ana fedha mfukoni na hamu machoni, naye anataka kusikia ndiyo. Fundi anayemtazama na kumwambia "hii usinunue, mzee", kisha akafuta mikono na kuondoka bila senti ya dalali, anastahili heshima wanayopewa wenye ofisi.

Anayepanga kununua pikipiki baada ya mavuno na atafute fundi wake mwenyewe, asiye na fungu katika mauzo, na amlipe hata jibu likiwa hapana. Waende mapema asubuhi. Na muuzaji aambiwe tangu jana yake kwamba chombo kisiwashwe mpaka wafike.