Chale Asiyelipwa

Tangu ujana wangu nimekuwa mgumu kwa watu wanaojitokeza mbele ya hadhira bila kujifunza. Nilifundisha michezo ya kuigiza shuleni kwa miaka mingi, na kauli yangu kwa wanafunzi ilikuwa moja: kuliza watu ni rahisi, kuchekesha ndiko kazi. Kwa hiyo Novemba 2018, binti wa dada yangu anayeishi New York aliponiambia kwamba atavaa pua nyekundu na kutembea na machale katika gwaride la Macy's, tena bila malipo, niliguna. Nilikuwa mgeni wake mwezi ule.

"Mjomba, njoo tu uone," aliniambia. "Ukishaona, utukosoe upendavyo."

Basi nilikwenda, nikaona, na huku ndiko kukosoa kwenyewe.

Gwaride hilo hufanyika Alhamisi ya nne ya Novemba, Siku ya Shukrani, ambayo Wamarekani huisherehekea kwa kula bata mzinga. Lilianza mwaka 1924. Wafanyakazi wa duka hilo kubwa, wengi wao wahamiaji, walijivika mavazi ya kila namna wakatoka Harlem, mtaa wa 145, hadi dukani kwao mtaa wa 34, wakifuatana na wanyama walioazimwa kutoka bustani ya Central Park. Maputo makubwa yalikuja mwaka 1927, na hadi leo macho ya watu huelekea huko juu. Machale wako chini, wakirusha vipande vya karatasi za rangi. Wengi wao ni wafanyakazi wa duka, pamoja na ndugu na rafiki zao. Hupata mafunzo mafupi, nguo na rangi za uso, kisha huingia barabarani. Mwaka ule baridi ilikuwa kali kupita kiasi, nami sikuona sababu ya mtu mwenye akili timamu kuacha kitanda chake kwa kazi hiyo.

Kosa la kwanza nililoliona ni hili. Emmett Kelly, chale wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1979, alijulikana kwa kufagia duara la mwanga wa taa lililoangukia sakafuni, akilifagia hadi likawa dogo na kutoweka. Hakusema neno, na uso wake ulikuwa wa huzuni. Watu walimcheka huku wakimhurumia, kwa sababu chini ya matambara yale walimwona mtu. Machale wengi niliowaona mimi walikuwa na nguo bila mtu ndani yake. Walipunga mkono na kututakia heri ya sikukuu. Kupunga mkono si kichekesho.

Kosa la pili niliona ni zito zaidi. Kwetu pwani, tangu miaka ya 1890, palikuwa na ngoma ya beni. Watu wa mitaani waliandamana kwa tarumbeta na sare wakiiga majeshi ya Wazungu, na vyama kama Marini na Arinoti vikashindana kwa mbwembwe na kupigana vijembe. Kicheko kile kilikuwa na mlengwa, naye alijijua. Hiki cha New York hakikumgusa yeyote. Nikajiambia kwamba chale asiyethubutu kumcheka mkubwa wake amegeuka tangazo lenye pua nyekundu.

Ningeishia hapo, lau si mtoto mmoja aliyekuwa kando yangu, nyuma ya kizuizi, umri kama miaka minne. Chale mmoja, mwanamume mnene wa makamo, alimsogelea. Mtoto akapiga ukelele na kujificha ndani ya koti la mama yake. Nilingoja yule bwana afanye lile wafanyalo wasiojua, yaani kuongeza kelele na kuzidi kusogea. Hakufanya hivyo. Aliganda. Akageuka kutazama nyuma, kana kwamba mtoto ameona kitu cha kutisha huko. Alipoona hakuna kitu, akamtazama mtoto, naye akaachama kwa ukelele usio na sauti, akajificha nyuma ya kimfuko chake cha karatasi, ambacho hakikutosha kuficha hata tumbo. Mtoto akachungulia. Chale akatetemeka. Mtoto akapiga hatua moja mbele, na bwana mzima yule akatoka mbio.

Mtoto alicheka hadi akakaa chini. Nilicheka pia, na kicheko changu kikaniumbua. Mchekeshaji hujishusha ili mwingine apande: somo hilo nililisema darasani kwa miaka yote, na sasa nilionyeshwa na mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi na asiyelipwa hata senti. Mlengwa wa kicheko chake alikuwapo. Alikuwa yeye mwenyewe, na heshima yote ya utu uzima wake, mbele ya mtu mdogo kuliko wote barabarani pale. Kosa langu la pili, basi, nalifuta nusu. La kwanza nalishikilia.

Jioni binti yetu alirudi, akakaa kujifuta rangi usoni kwa mafuta.

"Haya Mjomba, tupe makosa yetu."

Nikamsimulia yote, na habari ya yule bwana. Alinyamaza kidogo.

"Mimi watoto wawili walilia," akasema. "Niliwapita haraka."

"Mwakani," nikamwambia, "anza na hao wawili."