Pongezi kwa Mafundi wa Taa za Gizani

Kabla taa za LED hazijashuka bei, waendesha baiskeli za milimani wa Marekani na Uingereza waliotaka kupita msituni usiku ama walilipa pesa nyingi dukani, ama walijitengenezea. Hao wa pili ndio ninaowavulia kofia.

Walichukua glopu ya halojeni ya MR16, ile ya volti 12 inayomulika bidhaa madukani, wakaipachika ndani ya kipande cha bomba la maji na kuifunga kwenye usukani. Betri ya asidi ilikaa penye kishikio cha chupa, nzito kama tofali. Lakini hesabu ilikubali: glopu ya wati 20 hula ampea 1.7 hivi, basi betri ya ampea-saa 7 ilitosha safari ya saa mbili au tatu. Watundu zaidi walizidisha volti kidogo. Mwanga ukawa mweupe zaidi, umri wa glopu ukafupika. (Glopu kuungua katikati ya mteremko si mzaha.)

Leo kuna LED na seli za lithiamu za 18650. Ukitaka kuwaiga, ipe LED aluminiamu ya kutolea joto, usitumie seli zisizo na sakiti ya ulinzi, na ubebe taa ya akiba.