Filamu Zetu Zinazungumza na Nani?



Nina hoja moja, na nitaisema mapema ili asiye na muda aende zake. Dokumentari zinazotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki, hasa hizi zinazopita katika kumbi za hapa, hupimwa kwa maswali matatu. Je, zimeonyesha utambulisho wetu? Zimeonyesha jumuiya yetu? Zimeonyesha mtu alivyoshinda matatizo? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, ukumbi unapiga makofi, mwongozaji anaulizwa maswali mawili matatu, halafu watu wanawahi treni. Mimi nasema kipimo hicho kimepinda. Swali la kwanza liwe hili: watu walio kwenye picha wanazungumza na nani? Wanazungumza wao kwa wao, au wanamweleza mgeni?

Kipimo hicho kilichopinda hakikuzuka jana. Kina historia, na sehemu kubwa ya historia yenyewe ni ya mji huu tunaoishi. Mskoti John Grierson, anayetajwa kuwa ndiye aliyelipa neno dokumentari maana tunayoitumia leo, aliongoza kitengo cha filamu hapa London kilichokuwa chini ya idara ya kutangaza biashara ya himaya. Mwaka 1939 akaenda kuwa mkuu wa kwanza wa Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada. Kabla ya hapo, kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Waliouongoza ni L. A. Notcutt na G. C. Latham, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 kuhusu mambo kama kilimo, minyoo ya safura na kuweka akiba posta. Zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, maneno yakisikika kwa Kiswahili na lugha nyingine kutoka kwenye santuri. Waafrika walikuwemo: waliigiza, walisaidia kazi, walikaa chini kutazama. Lakini aliyeamua filamu iseme nini hakuwa mmoja wao.

Kuna kisa kinachopendwa sana na walimu wa filamu. Mwaka 1961 John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, alisimulia jinsi wanakijiji wa Kiafrika walivyoonyeshwa filamu fupi ya kuwafundisha kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Wenye filamu hawakujua kabisa kwamba mle ndani mna kuku! Ikabidi waikague picha kwa picha, na kweli wakamkuta, kapita kwa kama sekunde moja. Mkanada Marshall McLuhan akakirudia kisa hicho katika The Gutenberg Galaxy (1962), na tangu hapo kinatumika kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kusoma filamu. Jamani, hebu kisomeni upya. Asiyejua kilichomo ndani ya filamu hii ni nani, mtazamaji au aliyeitengeneza?

Nimekaa sana na huyo kuku, kwa sababu ndiye anayenisaidia kutazama filamu za leo. Katika kila dokumentari inayotuhusu mna kuku wake, yaani kitu ambacho mwenye lugha anakiona au anakisikia, na mwenye kamera hana habari nacho.

Rukeni mpaka 2004. Mwaustria Hubert Sauper akatoa Darwin's Nightmare, ile ambayo nyumbani wengi waliijua kama filamu ya mapanki. Ilionyesha Mwanza: minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa vinabaki kwa wenyeji. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Mnakumbuka joto lile. Lakini tazameni ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nini: sura ya Tanzania mbele ya Wazungu. Sauper aliwashtua Wazungu, serikali ikawatuliza Wazungu haohao. Mama anayeanika mapanki akabaki katikati, kila upande unamsemea.

Mwaka 2006 huohuo ikatoka filamu ya namna nyingine kabisa, As Old As My Tongue ya Mwingereza Andy Jones, kuhusu Bi Kidude. Hii naipenda, na sitaki nieleweke vibaya. Fatuma binti Baraka anaachwa awe yule tuliyemjua: sigara mkononi, utani mdomoni, sauti inayokwaruza na kupasua. Hajafanywa bibi mtakatifu. Ilikuja mara baada ya tuzo ya WOMEX ya 2005, wakati dunia nzima inamuulizia.

Hata hivyo filamu inavutwa na fumbo la umri wake. Je, ana miaka 90 au 100 na ushei? Kwa mtazamaji wa Ulaya hilo ndilo ajabu: kizee anaimba jukwaani, kashinda umaskini, ndoa na uzee. Shujaa kapatikana. Kwa msikilizaji wa Kiswahili umri si fumbo kubwa hivyo, kwani vizazi vingi vya wakati wake havikuandikiwa vyeti, na mtu kukadiria umri wake kwa kukumbuka mtawala au tukio fulani ni jambo la kawaida. Sisi tunauliza mengine. Nyimbo hizi alizipokea vipi kutoka kwa Siti binti Saad, na aliziacha kwa nani? Kungwi mwenye msondo ana mamlaka gani kwa wanawake waliopita mikononi mwake? Maneno kama kungwi, somo na mwari hayana wenziwe katika Kiingereza. Yakishabanwa kwenye mstari mmoja wa tafsiri chini ya skrini, kinachobaki ni mwalimu, rafiki na msichana, na mtandao mzima wa wanawake wa Unguja umefutika bila mtu kugundua. Kuku kapita.

Ndiyo maana naiweka juu zaidi filamu ya pili ya Jones, I Shot Bi Kidude, ijapokuwa haina raha kama ya kwanza. Mwaka 2012 zilienea habari kwamba ndugu yake mmoja amemchukua na kumweka mbali na wanamuziki na mashabiki. Mwongozaji anarudi kutafuta ukweli, na Bi Kidude akafariki Aprili 2013. Humu watu wanavutana. Nani ana haki ya kumtunza? Nani kala fedha zake? Na huyu mwenye kamera naye, si amepata jina kwa mgongo wa bibi huyuhuyu? Swali la namna hiyo shujaa peke yake hawezi kulizua. Linazuliwa na jumuiya inapogombana. Mimi naamini jumuiya huonekana pale inapobishana. Ikikaa imepangwa mstari na kutabasamu, hiyo ni picha ya harusi.

Mfano mzuri zaidi wa hilo unatoka pwani ya Kenya: The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King, filamu ambayo Kenya iliipeleka kushindania Oscar. Kijana anayeishi mjini anapata habari kwamba bibi yake, ajuza aliyepita miaka 90 huko Kilifi, ameandikiwa barua ya kumwita mchawi. Anarudi nyumbani. Polepole tunaelewa kwamba nyuma ya uchawi kuna shamba, na nyuma ya shamba kuna vijana wasio na kitu. Ingekuwa rahisi kutengeneza filamu ya kuwashtua watu wa London kwa mila za giza. Badala yake kamera inakaa chini wakati wa kikao cha ukoo. Shangazi wanajibu mapigo, wajomba wanazunguka mbuyu, kila mmoja anajua mwenzake anaficha nini. Hakuna anayesimama kumfafanulia mgeni Umijikenda ni nini. Utambulisho umo ndani ya ugomvi wenyewe, katika nani anamwamkia nani, na nani ananyamaza. Softie ya Sam Soko (2020) nayo inakaribia hapo. Imeanza na shujaa, mwanaharakati Boniface Mwangi na mbio zake za ubunge wa Starehe mwaka 2017, lakini mkewe Njeri anamuuliza maswali ya nyumbani ambayo umati wa barabarani haumuulizi, na filamu inakuwa kubwa kuliko bango lake la kampeni.

Mtu atasema: wewe unadai yasiyowezekana, filamu ni lazima iwe na mtazamaji wa nje, yeye ndiye analipa. Hapo ndipo namrudisha msomaji Kanada, kwenye bodi ileile aliyoianzisha Grierson. Kisiwa cha Fogo kiko Newfoundland. Mwaka 1967 wavuvi wake walikuwa hoi, wengi wanaishi kwa msaada, na serikali ya jimbo inataka wahame. Colin Low wa Bodi ya Filamu, akishirikiana na Chuo Kikuu cha Memorial, akaenda kuwapiga picha. Badala ya filamu moja kubwa yenye shujaa zikatoka filamu fupi zaidi ya 20. Waliopigwa picha waliziona kwanza, na walikuwa na haki ya kusema hapana, hiki kiondoeni. Kisha zikazungushwa kisiwani, kijiji kikasikia malalamiko ya kijiji cha pili. Baada ya hapo zikafika kwa wakubwa, na jibu la waziri likarekodiwa na kurudishwa kisiwani. Wavuvi wakaunda ushirika wao, na Fogo hakikuhamwa. Sisemi ni filamu peke yake iliyofanya hayo. Nasema mtazamaji wa kwanza wa filamu zile alikuwa jirani.

Njia ya namna hiyo ilifika mpaka kwetu. Miaka ya 1990, kusini mwa Tanzania, kundi la Maneno Mengi lilitumia video pamoja na wavuvi wa Mtwara na Lindi waliokuwa wakipambana na uvuvi wa baruti. Wanakijiji walijadiliana mbele ya kamera, wakatazama walichosema, wakajadiliana tena, na mambo yakafikishwa kwa viongozi. Ni kazi isiyo na zulia jekundu, lakini ni dokumentari ya Kiswahili inayozungumza na Waswahili.

Sasa turudi hapa London, maana huku ndiko jambo hili linakotuuma. Juni 2013 kituo cha Waislamu kule Muswell Hill, kilichotumiwa na Wabarawa, kilichomwa moto, na herufi za EDL zikakutwa ukutani. Sinagogi la Finchley Reform likawafungulia milango waswali na kufuturu humo mwezi wa Ramadhani. Kisa kizuri, na cha kweli, na kinaingia kwenye maswali matatu kama mkono kwenye glavu: utambulisho, jumuiya, ushindi. Lakini Wabarawa wana Chimwiini, lahaja yetu ya kaskazini kabisa (au ni lugha kamili, hilo tubishane siku nyingine), na wana urithi wa tenzi za Dada Masiti. Filamu itakayoishia kwenye futari ya sinagogi itawaonyesha Waingereza wakiwa wema. Mabishano ya bibi na mjukuu juu ya lugha ipi izungumzwe nyumbani hayatakuwemo.

Na kuna chumba kingine cha kusimulia utambulisho, kisicho na tamasha wala makofi. Wabajuni walioomba hifadhi nchi hii waliulizwa majina ya visiwa, aina za samaki, na matamshi yao yakapimwa. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa mwongozo kuhusu suala hilihili la kukijua Kibajuni. Wanaisimu tunajua mambo yalivyo. Derek Nurse, aliyekuwa profesa Memorial, chuo kilekile cha kisa cha Fogo, amechapisha data nyingi za Kibajuni, na ukizitazama utaona lugha iliyochanganyika na kupishana kwa umri na mahali. Mtoto aliyekulia ukimbizini Mombasa hasemi kama babu yake wa Chula. Huo ndio Ubajuni wake halisi. Lakini chumba kile kinataka Mbajuni safi, anayejieleza vizuri kwa mgeni, kwa muda uliopangwa, na mwingine ndiye anayeamua kipi ni cha kuaminika.

Mnaona ninakokwenda. Filamu inayomzoesha mtazamaji kwamba utambulisho wa kweli ni ule unaojieleza bila mgongano inalisha ladha ileile inayomwangusha Mbajuni mbele ya afisa.

Kwa hiyo naomba tufanye mambo matatu yasiyohitaji bajeti ya Hollywood. Tukiitwa kutafsiri maandishi ya filamu, tudai mahojiano kamili ya Kiswahili yahifadhiwe, si zile dakika tano zilizochaguliwa. Filamu ionyeshwe kwanza kwa waliomo, hata kama ni kwenye sebule ya mtu Barking, kabla ya kufika tamashani. Na tukiandika uhakiki, tuache kuwa mashabiki wa ushindi. Tuulize nani anazungumza na nani, na kuku kapita wapi.

Naomba kutoa hoja.